PrEP kliniki za kibinafsi: ndiyo, zinatoa
Dada, umeuliza kama PrEP, yaani vidonge vya kujikinga usiambukizwe virusi vya Ukimwi, inapatikana pia kliniki za kibinafsi. Ndiyo, inapatikana, si lazima upange foleni hospitali ya serikali hapa Malindi. Kenya iliianza nchi nzima 2017 na mwongozo wa Wizara ya Afya unaruhusu kliniki hizo kuitoa. Mimi ni muuguzi, nimeitoa kwa miaka kadhaa. Wengi hutujia jioni baada ya kazi, kwani mji wetu ni mdogo: ukionekana umekaa benchi la chumba cha Ukimwi, habari zishafika nyumbani kabla yako. Hilo peke yake humfanya mtu aache dawa.

Tofauti ni pesa. Serikalini ni bure. Kwa kliniki ya kibinafsi, hata pale vidonge vinapotoka serikalini, huenda ukalipa ada ya kumwona daktari. Uliza kabla.

Ila usikubali kupewa vidonge bila kupimwa virusi kwanza, halafu kila miezi 3. Ukiwa umeshaambukizwa, dawa 2 zilizo ndani ya kidonge cha PrEP hazitoshi kukutibu na virusi huzizoea. Na kama jambo limeshatokea, yaani huenda umeshakutana na virusi, unachohitaji ni PEP, dawa za dharura za kuzuia maambukizi, ndani ya saa 72. Usingoje kliniki ifunguliwe Jumatatu, nenda hospitali leo.