Kadi ya geti inakopiwa kibandani kwa dakika moja. Ya benki je?

Wakuu salaam.

Mleta uzi ameeleza kwamba alikwenda kwa fundi funguo, akampa kile kidude cha bluu cha kufungulia geti la apatimenti anayopanga, na kabla hajakaa vizuri kwenye benchi akapewa kingine kinachofungua geti lile lile. Sasa ana hofu: kama mambo ni rahisi hivyo, mtu akimsogelea kwenye daladala si ataikopi na kadi yake ya benki ya kugusisha? Nafunga na kukarabati mageti na milango ya kadi hapa Dar, ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo naomba niandike kwa urefu. Majibu mengi hapo juu yamechanganya vitu vinavyofanana kwa macho tu.

Jibu fupi ni kwamba kidude chako cha geti kinakopiwa, kadi yako ya benki haikopiwi. Vyote vinatumia redio, vyote havina betri. Tofauti iko kwenye kile chipu inachojibu ikiulizwa.

Tuanze na hilo la kutokuwa na betri, maana wengi ndipo wanapokwama. Tafuta kadi yoyote nyembamba ya zamani, zima taa, iweke juu ya tochi ya simu. Utaona kivuli cha waya unaozunguka ndani. Ikiwa ni koili ya duara yenye mizunguko mingi iliyobanana, hiyo kwa kawaida ni kadi ya masafa ya redio ya chini, 125 kHz. Ikiwa ni mistari michache inayofuata kingo za kadi, basi ni ya masafa ya juu, 13.56 MHz. Mwishoni mwa waya kuna kidoa cheusi kidogo kuliko punje ya mchele, hiyo ndiyo chipu. Kisomeo cha getini kinatoa uga wa sumaku muda wote. Koili ikiingia kwenye uga huo inapata umeme kiasi cha kuiamsha chipu, nayo inajibu kwa kubadilisha umeme inaouvuta. Kisomeo kinahisi mabadiliko hayo na kuyageuza kuwa namba. Ukiitoa kadi, chipu inazimika papo hapo. Ndiyo maana kadi haichoki, na ndiyo maana lazima uisogeze karibu.

Kama huna hamu ya kuhangaika na tochi, tumia simu yenye NFC, ile redio ya masafa mafupi ya kugusisha. Iwashe, weka kadi mgongoni mwa simu. Simu ikishtuka, kadi ni ya 13.56. Ikikaa kimya, karibu hakika ni ya 125, kwa sababu NFC ya simu haisikii masafa hayo. Kidude chako cha bluu nadhani simu haitakiona.

Sasa kwa nini kinakopiwa? Chipu iliyomo kwenye vidude vingi vya aina hiyo ni jamii ya EM4100. Ina biti 64 (alama za 0 na 1), na kati ya hizo 40 ndizo namba yenyewe. Zinazobaki ni za kupanga na kuhakiki usomaji. Ikipata umeme inaanza kutaja namba hiyo, ikimaliza inarudia, inarudia, hadi uiondoe. Haimwulizi anayesoma ni nani. Haina siri yoyote ndani yake. Ni kama mtu anayetaja jina lake kwa kila anayebisha hodi. Fundi wa kibandani ana mashine ya mkononi yenye vitufe viwili, kusoma na kuandika, pamoja na vidude vitupu vyenye chipu inayokubali kuandikwa upya, mara nyingi T5577. Anasoma chako, anaandika kwenye kitupu, geti halina namna ya kujua kipi ni kipi.

Na kuna jambo watu hawalioni. Geuza kadi ya geti uangalie namba zilizochapwa: tarakimu kumi, kisha tarakimu tatu, koma, tarakimu tano. Zile si namba za kiwandani za kupamba tu. Kwenye kadi nyingi za 125 kHz ndiyo namba yenyewe inayotajwa redioni, imeandikwa kwa wino. Mageti mengi yanasoma sehemu ile ya tatu na tano peke yake. Kwa hiyo mtu akipiga picha ya kadi yako iliyoning'inia shingoni, hahitaji hata kuigusa. Nimewahi kukuta ofisi imebandika kadi za wageni ukutani pale mapokezi, namba zinasomeka ukiwa umesimama mlangoni. Tafadhali, kama una kadi ya aina hii, futa namba hizo au zibandike karatasi.

Mdau mmoja hapo juu amesema suluhisho ni kununua kadi za 13.56. Hapana mkuu, usiishie hapo. Kadi maarufu kuliko zote za masafa hayo, MIFARE Classic, ilitoka mwaka 1994 ikiwa na usimbaji wake wa siri, yaani njia ya kuficha data, wenye ufunguo wa biti 48. Mwishoni mwa 2007 watafiti Karsten Nohl na Henryk Plötz walionyesha kwamba wameichambua chipu ile hadi ndani, na mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud kule Nijmegen, Uholanzi, wakaonyesha namna ya kuivunja kwa vitendo, wakati nchi yao ikiwa inaanza kuitumia kwenye usafiri wa umma. Miaka yote hii imepita na bado inauzwa kwa wingi, na hoteli bado zinaitumia.

Kinachoniuma zaidi kwenye kazi hii ni kingine. Nimeitwa kwenye jengo ambalo wamiliki walilipia kadi nzuri kabisa, za usimbaji wa AES, kiwango imara cha kuficha data ambacho hakina wa kukivunja kibandani, halafu aliyefunga vile visomeo akavipanga visome namba ya chipu tu. Namba ya chipu iko wazi kwa yeyote, ile sehemu yenye siri haikuguswa hata mara moja. Wapangaji walikuwa wamelipa bei ya kufuli la chuma wakapewa kitasa. Kwa macho huwezi kugundua: unagusisha, taa ya kijani, mlango unafunguka. Wateja hawaambiwi, na kwa kuwa hawajui la kuuliza, hawaulizi.

Sasa kadi ya benki. Hii nayo ni 13.56 MHz, nayo haina betri, lakini ndani yake kuna kompyuta ndogo yenye ufunguo wa siri ambao hautoki nje kamwe. Ukiigusisha kwenye mashine ya malipo, mashine inaipelekea kiasi cha pesa, tarehe na namba ya kubahatisha. Kadi inapiga hesabu kwa kutumia ufunguo wake, inaongeza kihesabio chake cha miamala, kisha inatoa jibu linalofaa kwa muamala huo mmoja tu. Benki inapiga hesabu ile ile upande wake na kulinganisha. Aliyenasa jibu hilo hewani amenasa kitu ambacho kimekwisha kazi. Hana namna ya kulitumia tena, na kutokana nalo hawezi kuupata ufunguo.

Je, mtu akiisogelea kadi yako na simu anapata chochote? Anapata namba ya kadi na tarehe ya mwisho wa matumizi. Zile namba tatu za nyuma hazisomeki kwa redio. Mwenye mashine ya malipo anaweza kujaribu kukukata kiasi kidogo kisichodai namba ya siri, lakini lazima asogee hadi sentimita chache, na pesa inaingia kwenye akaunti ya mfanyabiashara aliyesajiliwa, tena baada ya muda. Sisemi haiwezekani. Ila wezi wa hapa kwetu wana njia nyepesi zaidi, ile ya kukupigia simu na kukuomba namba ya siri au ujumbe uliotumiwa. Pochi za kukinga redio zinafanya kazi kweli, na foili ya jikoni nayo inafanya kazi ile ile, lakini kama una pesa ya kununua kinga moja tu, mimi nisingeanza na pochi.

Ufunguo wa gari uko upande huu wa kadi ya benki, na ni mfano mzuri kwa sababu wengi tunao mfukoni. Ulaya ilianza kulazimisha magari mapya madogo yawe na kinga ya kuzuia injini isiwake bila ufunguo wake (immobiliser) mwaka 1998, na Wajapani ambao magari yao ndiyo tunaendesha hapa nao waliifunga kwenye aina nyingi. Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chipu ya masafa ya chini, mbali na ile rimoti ya kufungulia milango. Gari linaiuliza swali, chipu inajibu kwa hesabu. Jibu likikosewa, injini haiwaki hata kama ufunguo umechongwa vizuri. Ndiyo sababu betri ya rimoti ikifa bado unawasha gari. Hata kwenye magari mengi ya kitufe, ukikigusisha kitufe kwa ule ufunguo uliokufa betri, gari linawaka, maana chipu inakula umeme wa gari lenyewe.

Ndugu aliyeuliza kuhusu hereni za ng'ombe, zile zenye chipu ya kumtambulisha mnyama: hizo ni 134.2 kHz na hazina siri, na hakuna ubaya wowote hapo. Zina tarakimu 15 kwa kiwango cha kimataifa, tatu za mwanzo zikiwa namba ya nchi au ya kiwanda. Tanzania ni 834, Kenya 404. Masafa ya chini yalichaguliwa kwa sababu mwili wa mnyama ni maji, na mawimbi ya masafa ya juu sana yanamezwa na maji. Ng'ombe anapita kwenye kibanio, mtu ana fimbo ya kusomea, namba inaingia. Sheria ya utambuzi wa mifugo tunayo tangu 2010. Hereni inamtambulisha ng'ombe, ila umiliki unathibitishwa na rejista. Mwizi akikata sikio hereni imekwenda, kwa hiyo isichukuliwe kama kufuli. Kidude cha geti nacho kilitakiwa kuwa kitambulisho cha aina hiyo. Kosa lilifanyika pale watu walipokipa kazi ya ufunguo.

Sasa kwa mleta uzi, nenda kwenye kamati ya wapangaji na maswali haya. Kadi ni za masafa gani, na zina usimbaji wa AES? Kisomeo kinasoma sehemu yenye siri, au namba ya chipu tu? Funguo za siri zilibadilishwa au ni zile za kiwandani, na nani anazo? Mwambie fundi akuonyeshe waya unaotoka kwenye kisomeo cha nje. Ukiona nyaya za kijani na nyeupe zinazopeleka data kwa mtindo wa zamani uitwao Wiegand, jua kwamba namba inapita wazi kwenye nyaya hizo, na mwenye bisibisi anaweza kuipata hata kama kadi ni ya gharama. Mfumo mwingine wa kuunganisha kisomeo, uitwao OSDP, unasimba mazungumzo hayo pia, mradi fundi akumbuke kuuwasha usimbaji wake.

Bajeti ikigoma, kuna jambo moja lisilo na gharama: wamwombe mwenye jengo atoe orodha ya kadi zilizomo kwenye mfumo, kisha wafute za wapangaji waliohama. Kwenye majengo ninayoitwa, orodha hiyo karibu kila mara ina watu ambao hakuna jirani anayewakumbuka. Wakikupa majibu yalete hapa pamoja na picha ya kisomeo, kadi usiipige picha, nitakuambia ni ya aina gani.