Usiwashe CHKDSK kabla hujanakili data, utakuja kulia

Mkuu, usiiache hiyo CHKDSK (programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski) ikeshe usiku kucha kama ulivyoshauriwa. Zima kompyuta kwanza, haya mengine soma kwenye simu. Umesema diski inagonga tik-tik, folda ya picha inachukua dakika nzima kufunguka, na Windows inaomba kuikagua. Diski hiyo inakufa. Nakili kwanza, ukarabati baadaye.

Ya kaka yangu ilianza hivyohivyo. Fundi aliambiwa wazi kwamba mle ndani mna picha za marehemu mama yetu ambazo hazipo popote pengine. Hakunakili hata moja. Akaandika chkdsk na /r, akaenda zake kulala. Hiyo /r inasoma diski nzima, sekta kwa sekta (vile vipande vidogo vinavyohifadhi data), na penye ubovu inang'ang'ania. Diski iliyochoka inalazimishwa kufanya kazi kwa saa nyingi mfululizo, tena kwa chombo ambacho kazi yake ni kunyoosha mpangilio wa mafaili, si kuokoa kilichomo. Rekodi isiyosomeka inaweza kuifuta ili mpangilio ukae sawa. Asubuhi tukakuta folda ya found.000 imejaa mafaili ya .CHK yasiyo na majina, picha nyingi zikifunguka nusu, chini kijivu kitupu. Kabla ya jioni hata BIOS, ile programu inayoamsha kompyuta kabla ya Windows, ikawa haiioni tena diski.

Na jibu lake? Eti diski ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Si ndiyo sababu uliletewa! Hadi leo nikikumbuka damu inachemka. Huyohuyo ndiye aliyetutuliza kwamba SMART, ile ripoti ya diski yenyewe kuhusu afya yake, imeandika PASSED, yaani imefaulu. Neno hilo lisikudanganye kabisa. Kwenye ripoti hiyo angalia mstari wa 5 (sekta zilizobadilishwa), wa 197 (zinazosubiri kuamuliwa) na wa 198 (zilizoshindikana kusomeka). Namba ghafi za hapo (safu ya RAW) zikiwa zinapanda, diski inapoteza sekta hata kama hukumu ya juu inasema nzima.

Tafuta diski nyingine yenye nafasi kubwa kuliko hiyo. Kama folda bado zinafunguka, nakili kwanza zile usizoweza kuzipata tena, kisha washa kompyuta kwa Linux (mfumo mwingine badala ya Windows) ya kwenye flashi na utumie GNU ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu. Hiyo huanza na sehemu zinazosomeka kirahisi, sehemu ngumu inazirudia mwishoni, na ukiipa faili la ramani unaweza kuikatisha ukaendelea baadaye ilipoishia. Hiyo CHKDSK, kama lazima uiendeshe, iendeshe juu ya nakala. Ile ya zamani usiiguse tena.

Ila ikiwa inagonga mfululizo na haionekani kabisa, usiiwashe tena hata kwa kujaribu. Vichwa vinavyosoma data vinaweza kukwangua sahani zinazoihifadhi, na kilichokwanguliwa hakirudi. Hapo ni maabara ya kuokoa data tu. Atakayekwambia uitie kwenye friza usimsikilize, utaiingizia unyevu.

Umeshanakili kitu chochote mpaka sasa? Tuambie, na utuwekee hapa namba za 197 na 198.