Maswali na majibu: Piko imeniwasha nyusi, niichanganye na nini?

SWALI: Bi Mpambaji, assalamu aleikum. Mimi hutindwa nyusi kwa uzi saluni kila baada ya wiki tatu hivi. Katikati hapo huzisafisha mwenyewe nyumbani kwa kibano, na mara nyingine kwa wembe. Lakini kila nikisawazisha upande mmoja, wa pili unaharibika, na sasa wa kushoto umekuwa mwembamba. Shoga yangu alinitia piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mikononi, kuziba mapengo kwa ajili ya harusi ya binamu. Zilipendeza sana, ila siku ya pili zikaanza kuwasha na kope zikavimba kidogo, kisha zikatulia zenyewe. Mwezi ujao tuna harusi nyingine. Nifanyeje nyusi zikae na umbo bila kukimbilia saluni, na piko niichanganye na nini isiwashe? Halafu, ni kweli wembe huzifanya ziote nene? – Msomaji, Tudor, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu.

La wembe halina maneno mengi. Wembe haunenepeshi unywele. Mwaka 1928 mtaalamu wa Marekani, Mildred Trotter, alichapisha matokeo ya kulinganisha ndevu za wanaume walionyolewa, na hakuona zikizidi unene wala kasi ya kuota. Unywele wa asili una ncha nyembamba. Wembe ukikata katikati, kinachobaki kina mdomo bapa, ukikipapasa kinachoma, nawe unaona kimenenepa. Ninachokiogopa kwenye wembe ni mkono unaoteleza kwa jasho, na Mombasa hii nani hatoki jasho? Nusu ya unyusi huenda kwa mpigo mmoja. Utumie kwa malaika ya kipajini ukipenda, mbali na upinde wenyewe.

Kibano nacho najua unavyokitumia, maana wateja wangu karibu wote hukitumia hivyo hivyo. Unasimama mbele ya kioo cha bafuni, taa iko juu ya kichwa, uso umeusogeza hadi pumzi inatia ukungu kwenye kioo. Kwa umbali huo huuoni unyusi, unaona nywele moja moja, na kila moja inaonekana ina makosa. Unang'oa mbili kushoto, unahamia kulia kulinganisha, unarudi kushoto. Nyusi zako hazikuumbwa sawasawa, wala za mtu yeyote. Ukizilazimisha zilingane utamaliza zote mbili.

Umbo ni kazi ya saluni. Nyumbani unaufuata mstari uliokwisha kuchorwa, huchori mpya. Keti karibu na dirisha mchana, shika kioo mbali kidogo na uso. Chukua wanja wa penseli ujaze unyusi wote kwa umbo ulilotoka nalo kwa fundi. Nywele zilizobaki chini ya upinde, nje ya wanja, hizo ndizo halali yako. Za juu ziache, na kichwa cha unyusi pale karibu na pua usikiguse kabisa, kwa sababu kikirudi nyuma uso mzima hubadilika. Ng'oa baada ya kuoga, ngozi ikiwa laini, mmoja mmoja, ukivuta kwa kuufuata unywele ulikolala. Kibano kifute kwa spiriti kabla na baada. Ule mrefu unaoning'inia hauna haja ya kung'olewa, uchane kwenda juu kwa mswaki mpya na ukate ncha yake kwa mkasi mdogo. Mara moja kwa wiki inatosha, na wiki ya mwisho kabla ya saluni usishike kitu, fundi wa uzi naye anahitaji cha kushika.

Upande wa kushoto upumzishe. Unywele wa unyusi hukua kwa wiki chache tu kisha hulala kwa miezi, ndiyo maana haurefuki kama wa kichwani. Ulioung'oa leo unaweza kuchukua miezi mitatu au minne kurudi, na kitundu kilichong'olewa mara kwa mara kwa miaka huenda kisitoe tena kitu. Mafuta ya mbarika yatazilainisha na kuzing'arisha. Anayekuambia yanaziotesha anauza mafuta. Na kwa msomaji mwingine yeyote ambaye nyusi zinampungua bila kuguswa, hasa ncha za nje zinazoelekea sikioni, asije kwangu. Tezi ya shingo ikidorora huonyesha hivyo, ukoma pia huangusha nyusi, na yote mawili yana daktari na yana dawa.

Sasa piko. Mwanangu, piko haichanganywi na kitu ikaacha kuwasha. Si ndimu, si maji ya chai, si mafuta ya nazi. Swali hili naletewa kila msimu wa harusi, na kila anayeuliza huanza na dhana moja: kwamba piko ni hina iliyokolea tu, jani la Mungu, kwa hiyo ikiwasha ni kwa kuwa imechanganywa vibaya.

Piko si hina. Hina ni majani ya mhina, yanakaushwa, yanatwangwa, yanakandwa kwa ndimu, na ukitaka yashike ukae nayo saa nyingi. Ukiyabandua unakuta rangi ya chungwa, kesho yake ndiyo inageuka kahawia au damu ya mzee. Hakuna mhina unaotoa rangi nyeusi kama lami. Unga mweusi unaokolea kwa saa moja ni rangi ya nywele ya kiwandani, na dawa iliyomo ni parafenilinidiamini, ambayo pakitini huandikwa PPD. Ukiikoroga ndani ya hina hupati hina nyeusi. Umepata rangi ya nywele yenye harufu ya hina.

Dawa hiyo inavyofanya kazi ndiyo siri ya madhara yake. Mwanzo ni chembe ndogo zisizo na rangi. Zikichanganywa na haidrojeni peroksaidi huungana, zikawa kubwa na nyeusi ndani ya unywele, zikanasa humo. Kabla hazijaungana ni ndogo kiasi cha kupenya ngozi. Ulaya hawaruhusu zaidi ya asilimia 2 ya dawa hiyo kwenye rangi inayogusa kichwa, tena ya kupakwa kwa dakika kadhaa na kuoshwa. Kwenye piko za kuchorea ngozi, vipimo vilivyofanywa nchi mbalimbali vimewahi kukuta zaidi ya asilimia 10, nayo huachwa juu ya ngozi mpaka ikauke. Pakiti halali ya rangi ya nywele imeandikwa wazi isipakwe nyusi wala kope, huweza kupofusha. Lakini shoga yako hakuiona pakiti. Aliletewa vijiko viwili kwenye kikopo kilichobanduliwa karatasi, akaambiwa hii ndiyo nzuri, ya Uarabuni.

Wala onyo hilo si porojo la kiwanda kujikinga. Mwaka 1933 huko Marekani iliuzwa rangi ya nyusi na kope iitwayo Lash Lure, yenye dawa ya jamii hii hii. Wanawake walipofuka, mmoja akafa. Visa vya namna hiyo vilichangia Marekani kupitisha sheria mpya ya vyakula, dawa na vipodozi mwaka 1938. Sisi tunaitia kwa brashi ya meno sebuleni, taarabu inapiga.

Utanijibu, "Mbona nimetiwa piko mikononi tangu utotoni na sikudhurika?" Hilo ndilo jibu linalonikera kuliko yote, kwa sababu ndivyo mzio huu unavyokuja. Mwili hauikatai siku ya kwanza. Unaweza kuivumilia mara nyingi, kisha siku moja ukaitambua kuwa adui, na ukishaitambua hauisahau maisha yote. Tena haikuumizi palepale. Huchukua siku moja hadi tatu, ndipo ngozi inawasha, inavimba, inatoa malengelenge. Kwa hiyo yule anayekupaka tone nyuma ya sikio, akasubiri dakika kumi, akasema "ngozi yako imeikubali", hajui anachokipima.

Yako ilianza siku ya pili, na kope zilivimba kwa kuwa ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini. Usiseme ilikuwa piko mbaya, ukatafute ya dukani kwingine. Mwili wako umeshaijua. Ukirudia, huenda ikaja mapema zaidi na kwa ukali zaidi. Mimi huletewa waliorudia: nyusi zimeganda maji ya manjano katikati ya nywele, ukizigusa zinakatika kama gamba, na asubuhi jicho halifunguki mpaka lioshwe kwa maji ya vuguvugu. Gamba likianguka hubaki doa jeupe au jeusi linalokaa miezi mingi, na wengine hubaki na kovu ambalo halioti nywele. Alitaka unyusi uliojaa, akapata pengo la daima.

Na hasara haiishii kwenye nyusi. Aliyeikataa piko huenda akazikataa rangi nyingi za nywele, dawa za ganzi za kupaka zenye benzokaini, hata baadhi ya rangi za nguo za giza. Ukiota mvi utakaa nazo, au utie hina ya jani, nyekundu na yote.

Ndiyo maana hunichoma kuona mama anampanga mtoto wa miaka sita kwenye foleni ya piko siku ya kuamkia Idi, kwa sababu hina "inachelewa kukolea". Mtoto anachorwa ua kiganjani, wiki mbili baadaye ua lile lile limeinuka kwa malengelenge, kila jani lake unaweza kulihesabu. Ufukweni wageni wanachorwa vivyo hivyo, na malengelenge yanawatokea wakiwa wamesharudi kwao. Wapambaji wenzangu, mnajua. Mnajua kwa sababu mikono yenu wenyewe imepasuka na mmeanza kuvaa glavu. Anayevaa glavu kuishika dawa, kisha akampaka mwenzake karibu na jicho, aniambie anafikiri nini.

Halafu kuna wale wanaokuja kuitibu. Dawa ya meno, maji ya kitunguu, liwa, na siku hizi tyubu za krimu zinazouzwa pamoja na mkorogo. Nyingi za krimu hizo zina steroidi kali, yaani dawa ya kuzima uvimbe na muwasho. Kwa siku mbili zitatuliza kweli, na hapo ndipo zinapopata sifa, lakini ukizipaka mfululizo karibu na jicho huweza kupandisha presha ya jicho na kuharibu uwezo wa kuona. Steroidi hutolewa na daktari, kwa kipimo na kwa siku zilizohesabiwa. Piko ikikudhuru osha kwa maji mengi na sabuni isiyo na manukato, weka kitambaa cha maji baridi, uende hospitali. Ukiona jicho linauma, macho yanafifia, au midomo na pumzi zinabana, nenda saa hiyo hiyo, usingoje kupambazuke.

Kwa harusi ya mwezi ujao, jaza kwa wanja wa penseli au poda ya nyusi ya kahawia iliyokolea. Weusi kabisa huufanya uso uonekane umekasirika kwenye picha. Jasho usilitatue kwa kuongeza wanja. Kausha kwa karatasi laini, upake poda kidogo kwanza, wanja juu yake, kisha jeli ya nyusi ishike. Wanja wa manga wa kijiwe usiutumie, kwani wanja wa aina hiyo mara nyingi huwa na madini ya risasi, na hiyo ni sumu. Zile pakiti za saluni zilizoandikwa hina ya nyusi zisome viungo kabla hujalala kitini. Ukiona PPD, au huoni orodha ya viungo kabisa, inuka uondoke.

Baadaye, ngozi ikiwa imetulia, mwone daktari wa ngozi akupime mzio kwa vibandiko. Huwekwa mgongoni, hukaa siku mbili, na majibu husomwa tena siku kadhaa baada ya kubanduliwa. Nenda na jina la kila ulichopaka mwaka huu. Na fundi wako wa uzi mwambie mapema kwamba piko imekudhuru, maana mafundi wengine humalizia kwa kukupaka rangi bila kuuliza, wewe umefumba macho unasubiri kioo.