Kwa wewe uliyekulia kanisani: anayebisha yuko mlangoni kwako

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kila mkutano wa Injili unapokuja mtaani kwetu hapa Dar es Salaam, naona baadhi ya nyuso zilezile zikipita mbele. Mhubiri anauliza ni nani anataka kumpokea Yesu, kwaya inaimba taratibu, watu wananyoosha mikono, wanafuatisha sala ya toba neno kwa neno, majina yanaandikwa kwenye daftari. Mkutano unaofuata, wapo tena pale mbele. Nawapenda sana watu hawa. Mtu anayetoka mbele mara zote hizo ana njaa ya kweli, na naamini aliyeiweka njaa hiyo ni Mungu mwenyewe. Ndio ninaowaandikia leo, pamoja na wale wasiotoka mbele kabisa kwa sababu wamekulia kanisani na wanadhani mwaliko ule ni wa watu wengine.

Mimi nimezaliwa Bukoba, kwenye nyumba ya Walutheri. Nilibatizwa mchanga, nikalelewa shule ya Jumapili, nikasoma mafundisho ya kipaimara, na Amri Kumi na Imani ya Mitume nilizijua kwa moyo. Namshukuru Mungu kwa wazazi walionipitisha huko, na sidharau hata kimoja. Lakini mtu anaweza kuyapitia yote hayo akamfahamu Mungu jinsi raia anavyomfahamu Rais: jina analijua, picha anaijua, kazi zake anaweza kuzitaja, ila hawajawahi kuketi pamoja.

Fungua Ufunuo 3:20, mstari ambao wahubiri wetu wanaupenda sana: "Tazama, nasimama mlangoni, nabisha, mtu akiisikia sauti yangu, na kuufungua mlango, nitaingia kwake, nami nitakula pamoja naye, na yeye pamoja nami." Tumezoea kuusikia ukielekezwa kwa walevi, waganga na watu wasiokanyaga kanisani. Lakini maneno hayo yamo ndani ya barua ya Yesu; sasa rudi nyuma mistari michache uone barua hiyo iliandikiwa nani. Iliandikiwa kanisa la Laodikia. Ni watu waliokuwa wanakutana, wanaimba, wanatoa sadaka. Mji wao ulikuwa tajiri kiasi kwamba tetemeko lilipoubomoa mwaka 60 baada ya Kristo, waliujenga upya kwa fedha zao bila kuomba msaada wa Roma. Na roho hiyo ya kujitosheleza iliingia mpaka kanisani, maana Yesu anawaambia: "Kwa kuwa wasema, Mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu." Ibada inaendelea ndani, na Bwana wa ibada yuko nje, anabisha.

Mstari huo ukisomwa hivyo hauachi mtu salama, awe mzee wa kanisa au mwanakwaya. Haumwachi mchungaji pia. Na angalia anachoomba akifunguliwa. Anataka kula. Hazungumzii kwanza cheo utakachopewa wala huduma utakayofanya. Anataka mketi mezani, na kwetu sisi tunajua huwezi kula na mtu sahani moja mkabaki wageni.

Uamsho wa Afrika Mashariki, yaani ule mwamko wa toba na wokovu ndani ya makanisa yetu, ulianzia hapohapo, kwa watu wa ndani. Mwaka 1929, pale Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza aitwaye Joe Church alikutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Church alikuwa mmisionari katika hospitali ya Gahini, Rwanda, na alikuwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kali iliyoipiga nchi ile. Nsibambi alikuwa Mkristo, mtu wa kanisa. Hakuna kati yao ambaye ungemwita mpagani. Wakakaa pamoja wakisoma Maandiko na kuomba, kila mmoja akimtaka Mungu zaidi ya alivyokuwa amempata katika kazi zake za dini. Kutokea hapo moto ule ulienea Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya, ukavuka na kuingia kwetu Bukoba.

Bibi yangu aliokoka katika uamsho huo. Namkumbuka jikoni akimenya ndizi, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu, sisi wajukuu tumemzunguka. Katikati ya maongezi alikuwa akinyamaza kidogo, halafu anasema, "Baba, umemsikia huyu? Ana mtihani kesho," kisha anaendelea kumenya na kutuuliza habari za shule. Hakufumba macho wala kubadili sauti. Nilipokuwa mdogo sana niliamini kuna mtu mwingine mle jikoni ambaye mimi simwoni, na kwa kweli nilikuwa sahihi.

Basi, kama unataka kuanza, unaanzaje?

Kwanza, usisubiri kujiweka sawa. Hiki ndicho kikwazo ninachokisikia kuliko vyote. Nikishafunga ndoa nitaokoka. Nikishaacha pombe. Nikishalipa deni la watu. Msome Zakayo, Luka 19. Yuko juu ya mkuyu na dhuluma zake zote mkononi, na Yesu anamwambia, "Zakayo, shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako." Wakati huo Zakayo hajaahidi lolote. Kuwapa maskini nusu ya mali na kuwarudishia mara nne aliowadhulumu kulikuja baada ya Yesu kukaribishwa. Uchumba usio na ndoa, deni, chupa, vyote hivyo mtavishughulikia pamoja, na atavigusa kweli, usidhani hatavigusa. Lakini huwezi kuvimaliza peke yako ndipo umwite.

Pili, kama hujawahi kumwambia, mwambie, kwa maneno yako, kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwenu. Inatosha kusema: Bwana Yesu, nimesikia habari zako miaka mingi. Mimi ni mwenye dhambi. Naamini ulikufa msalabani kwa ajili yangu na ukafufuka. Karibu, ukae nami. Na ukiisha kumwambia hivyo kwa moyo, shika neno la Yohana 1:12: "Bali wote waliompokea aliwapa uwezo wa kufanyika watoto wa Mungu, ndio wale waliaminio jina lake." Mtoto hazaliwi upya kila mgeni anapofika nyumbani. Ukianguka, tubu, amka, endelea. Huna haja ya kupita mbele tena kana kwamba mara ya kwanza hakusikia.

Halafu kaa naye kila siku. Hapa ndipo wengi tunapokwama, na sababu mara nyingi ni ya kawaida kabisa: nafasi. Yesu alisema uingie chumba chako cha ndani ufunge mlango, na wengi wetu tumepanga chumba na sebule, watoto wamelala sakafuni, redio ya jirani inasikika ukutani. Mimi hutoka uani alfajiri kabla bomba halijapata foleni, nakaa kwenye kiti cha plastiki. Dada mmoja wa ushirika wetu husali akiwa amesimama kwenye daladala kutoka Gongo la Mboto, kashika bomba la juu, midomo haichezi. Yesu mwenyewe, tunaambiwa katika Marko 1:35, alitoka alfajiri na mapema sana akaenda mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko. Naye alikuwa amefikia kwenye nyumba ya watu, na jioni iliyotangulia mji wote ulikuwa umekusanyika mlangoni. Kwa hiyo anaelewa.

Soma kwa utaratibu. Anza na Injili ya Marko, sura 16 tu, na kila ukisoma jiulize: Yesu amefanya nini hapa, na ananiambia nini mimi? Kama unaweza, tumia Biblia ya karatasi, maana kwenye simu ujumbe wa kikoba utaingia kabla hujamaliza mstari wa tatu.

Na mwambie ukweli. Hili nalisema kwa uzito, kwa sababu limeniokoa. Mdogo wangu alipofariki, nyumba ilijaa watu, na kila aliyenishika mkono aliniambia kazi ya Mungu haina makosa. Walikuwa wananifariji, Mungu awabariki. Lakini mdomo wangu haukuweza kuitikia. Usiku, tumelala wanawake kwenye magodoro sakafuni, niliwasha simu chini ya kanga nikatafuta Zaburi ya 13: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?" Nilisoma kwa kunong'ona, nikarudia, nikalia. Yale yalikuwa maombi. Mungu mwenyewe ameruhusu maneno hayo yawe ndani ya Neno lake. Zaburi ya 88 inakwenda mbali zaidi, inaishia gizani bila hata mstari mmoja wa faraja mwishoni, na bado mwandishi wake anaongea na Mungu kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Nakusihi usimfiche Mungu hasira yako wala maswali yako. Sikupata maelezo usiku ule, wala mpaka leo sijayapata. Niliyepata ni yeye, alikuwapo, na niliweza kuamka asubuhi na kwenda makaburini.

Jambo lingine linaniumiza na siwezi kulipita. Tumeanza kuzoea kwamba ili ufike kwa Mungu lazima upitie kwa mtumishi fulani, ununue mafuta yake, maji yake, kitambaa chake, utume sadaka kwa simu ndipo uombewe. Watu wenye shida kubwa wanauza hata cherehani. Ndugu yangu, Yesu alipokata roho, Marko anasema pazia la hekalu lilipasuka vipande viwili toka juu hata chini. Aliyelipasua kutoka juu ni Mungu. Na Paulo anamwandikia Timotheo kwamba mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, Kristo Yesu. Mchungaji mwema atakufundisha, atakuombea, atakuonya, na atafurahi akiona unamwendea Baba mwenyewe. Anayekufanya uogope kumwendea Mungu bila yeye, mkimbie.

Lakini usibaki peke yako kwa sababu hiyo. Watu wa uamsho walikuwa na desturi ya kukutana kila wiki nyumbani kwa mmoja wao, kusoma Neno na kuungamiana dhambi waziwazi, wakiita kutembea nuruni, kufuatana na 1 Yohana 1:7. Bibi alikuwa akirudi kutoka ushirika na kwenda moja kwa moja kwa jirani aliyegombana naye, kumwomba radhi, jirani ambaye wakati mwingine hakuwa hata na kumbukumbu ya ugomvi. Tafuta wenzako wawili au watatu wa namna hiyo. Wawe watu ambao ukiwaambia "wiki hii sikusali kabisa" hawatakusema mtaani.

Leo kabla ya kulala, soma Marko sura ya kwanza yote, mistari 45. Ukimaliza, mwambie Yesu kwa sauti kitu kimoja ulichokiona kwake humo, na kitu kimoja kinachokusumbua. Kesho, sura ya pili.