Mikoko inayokauka bila kukatwa: chunguza maji kwanza

Swali la wiki hii ni kwa nini mikoko hukauka hata mahali ambapo hakuna aliyeingia na shoka. Mara nyingi chanzo ni tope au maji yaliyobadili mwendo, na dalili zake zinasomeka mtu akijua pa kutazama.

Tope la mikokoni lina hewa kidogo mno. Miti huishi humo kwa kuwa mizizi yake hutoka nje kupumua. Kila aina ina njia yake: mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda, muia (pia huitwa msinzi) huinua magoti, nao mchu na mlilana hutoa vijiti wima. Vijiti vya mchu aghalabu havizidi sentimita 30. Mvua kubwa ikishusha udongo wa mashamba ya juu na kuvifukia, mti hukosa pumzi: majani hugeuka manjano, hupukutika, kisha mti hufa wima. Hori (mkono wa bahari) la Mwache, Mombasa, liliona hayo baada ya mvua za El Nino za 1997 na 1998. Kuwalaumu wakata boriti peke yao hakutoshi. Mlima uliolimwa bila makinga maji unaweza kuua mikoko iliyo mbali nao kabisa.

Chanzo cha pili ni barabara au tuta la shamba la chumvi lililokatiza mkondo. Maji yakituama ndani, vijiti huzama mfululizo na mti hukosa hewa vilevile. Yakizuiwa kuingia, jua hukausha tope na chumvi hupanda. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Tope lililozibwa linaweza kupita mara mbili ya hapo. Mkoko hushindwa mapema. Mchu hustahimili kwa kutoa chumvi kupitia majani. Pitisha kidole juu ya jani siku ya jua kali, utaihisi ikikwaruza. Kwa hiyo ukikuta imebaki michu mifupi iliyodumaa, shuku chumvi.

Mti unapokufa, wenzake hawabaki. Mashimo ya kaa ndiyo yaliyokuwa yakipeleka hewa na maji chini. Kaa wakihama, tope huwa jeusi na kunuka mayai viza. Chaza hukosa mizizi ya kushikia, vifaranga vya samaki na kamba hukosa maficho. Udongo ambao mikoko ilikuwa ikiuzuia husafiri hadi kwenye nyasi bahari na matumbawe, ukayakatia mwanga.

Basi tazama kifo kimeanzia wapi. Mdomoni mwa mto, chimba kando ya shina uone kama vijiti vimefukiwa. Katikati, penye kidimbwi kisichokauka maji yakipwa, tafuta kilichoziba. Ukingoni mwa bahari, mizizi ikiwa wazi, ni mmomonyoko. Vilele tu vya mlilana vikikauka, pasua tawi: ukikuta matundu na unga wa mbao, ni funza, na kuzibua mkondo hakutawaondoa.

Kinachonisikitisha ni haraka ya kupanda. Zibua mkondo kwanza. Kalavati (bomba la kupitisha maji chini ya barabara) liwekwe usawa wa sakafu ya mkondo wa zamani. Likiwa juu zaidi, maji ya chini hubaki ndani. Kisha subiri msimu mmoja au miwili, kwani palipo na miti mama karibu, bamvua (maji makuu ya mwezi) huleta mbegu bure. Zisipofika, panda kwa mpangilio wa asili: mlilana mbele, mkoko kando ya mikondo, mkandaa (aina nyingine ya mikoko) na mchu ndani. Mbegu ya mkoko iliyokomaa huonyesha pete ya manjano chini ya tunda na huachia kwa urahisi. Ichomeke kwa ncha iliyokuwa ikitazama chini, hadi karibu theluthi ya urefu wake, nafasi mita moja kwa moja. Usipande kwenye nyasi bahari wala kwenye tope tupu ambalo hujaa maji karibu kutwa nzima. Huko mikoko haikuwahi kuota, na mawimbi huing'oa miche kabla haijashika, nazo nyasi zikiwa zimeshakanyagwa.