Kwa mgeni wa Hansard: jinsi ya kumfuatilia mbunge asiye waziri

Kila Aprili, Bunge la bajeti linapoanza kule Dodoma, ofisi kadhaa hapa Dar es Salaam huwapa vijana wapya kazi ileile: mfuatilie mbunge fulani, utuletee alichochangia. Ni vyumba vya habari, mashirika ya kiraia, ofisi za mawakili, na mwaka wa uchaguzi ukikaribia hata watu wa kampeni. Kijana anafungua Hansard, kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa bungeni, anatafuta jina, anahesabu limetokea mara ngapi, anachora jedwali lenye rangi. Bosi anafurahi. Lakini hakuna aliyejua chochote kipya kuhusu huyo mbunge.

Kwangu mimi swali la kuanza nalo ni moja: alipokaa chini, serikali ilimjibu nini, na mwaka uliofuata jibu hilo lilikuwa limefika wapi? Kuhesabu mara alizosimama ni kazi ya kompyuta. Hili lingine linamtaka mtu mwenye subira, ndiyo maana umeajiriwa wewe.

Kabla ya kufika huko, jua Hansard inavyoandika watu. Mbunge wa kawaida huandikwa kwa jina lake, akitanguliwa na MHE. Waziri na naibu waziri huandikwa kwa cheo. Chukua marehemu Dk. Faustine Ndugulile, aliyechaguliwa kuwa Mbunge wa Kigamboni mwaka 2010. Mwaka 2017 aliteuliwa Naibu Waziri wa Afya, Desemba 2020 akawa Waziri wa Mawasiliano, na Septemba 2021 akarudi kuwa mbunge wa kawaida. Ukitafuta kwa jina tu, utaona anachangia kwa miaka, halafu anafifia, halafu anaibuka tena kwa kishindo. Asiyejua ataandika kwamba mheshimiwa alikuwa amelala. Hakulala, alikuwa upande wa wanaojibu. Na majina yenyewe hayaandikwi sawasawa siku zote: leo Dkt., kesho Dr., herufi ya jina la kati ipo au haipo. Tafuta kwa jina la ukoo, kisha chuja kwa macho.

Angalia pia mbunge anamwita nani. “Mheshimiwa Spika” inakuambia Spika yupo kitini. “Mheshimiwa Naibu Spika” inajieleza. “Mheshimiwa Mwenyekiti” ndiyo inayowachanganya wageni: huenda kiti amekalia mmoja wa wenyeviti wa Bunge, au huenda Bunge limekaa kama Kamati ya Matumizi au Kamati ya Bunge Zima, ambako hata Spika mwenyewe huitwa Mwenyekiti. Tofauti hiyo ni kubwa, maana kwenye kamati hizo ndiko vifungu vinapopitishwa kimojakimoja.

Hotuba zenyewe utazizoea. Dakika ya kwanza ni kumshukuru Mungu, kumpongeza Rais, kuwasalimu wapigakura na familia. Usikasirike, pita. Makofi yaliyoandikwa kwenye mabano usiyape uzito, kwa sababu hata pongezi hupigiwa makofi. Mimi hukimbilia mwisho, pale mbunge anaposema “muda siyo rafiki” na Hansard inaandika kwamba kengele imelia. Katika zile sentensi tatu za kukimbizana na kengele ndipo unakuta barabara, kituo cha afya, fidia ya watu waliohamishwa. Sehemu ya mwanzo inaweza kuwa imeandaliwa ili ipendeze. Hizi za mwisho ndizo alizotumwa na watu wake. Na usisahau michango ya maandishi. Wapo wabunge wanaopata nafasi ya kusimama kwa nadra lakini wanaandika vizuri, tena kwa takwimu, na hakuna kamera inayowaona.

Sasa shilingi. Bajeti ya wizara inapofika Kamati ya Matumizi, mbunge asiyeridhika anaweza kutangaza kuwa anashika shilingi ya mshahara wa waziri. Mgeni anaweza kudhani ni mzaha. Ni hoja ya kupunguza fungu kwa shilingi moja, ili waziri asipite bila kutoa maelezo. Waziri anasimama, anaeleza, wabunge wengine wanaunga mkono au wanamsihi mwenzao, na mara nyingi hadithi inaishia “naomba kurudisha shilingi.” Vijana huandika kwamba mbunge alishindwa. Soma tena maneno ya waziri kabla shilingi haijarudi. Kama alisema “mwaka huu wa fedha tutatenga fedha”, umepata ahadi yenye tarehe, kwa sababu mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Iweke kwenye daftari, halafu Bunge la bajeti linalofuata fungua hotuba ya wizara hiyohiyo, sehemu ya utekelezaji, utafute kama ipo. Muda ukiisha gilotini hushuka na mafungu yaliyobaki hupita bila mjadala, kwa hiyo mtu akinyamaza kwenye mafungu ya mwisho usimhukumu.

Mfano wa hapa nyumbani ni Daraja la Nyerere, lile tunaloliita Daraja la Kigamboni. Lilifunguliwa Aprili 2016, likiwa limejengwa na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, pamoja na serikali, na mwaka huohuo magari yakaanza kulipa tozo kuvuka. Ndugulile alilipigia kelele suala hilo. Mwaka 2022 tozo zikapunguzwa. Hazikufutwa. Ukitaka kuifuatilia habari hiyo, usibaki kwenye wizara ya ujenzi kwa sababu tu daraja ni daraja. Fedha ni za mfuko huo pia, kwa hiyo nenda pia kwa waziri anayesimamia kazi na ajira, na kwa Waziri wa Fedha. Suala moja linazunguka meza tatu, na kila meza inaweza kukuambia liko kwa jirani. Tena uwe mkweli unapoandika: tozo zilipungua baada ya mbunge kusema, lakini wananchi nao walisema, na wengine pia. Andika kwamba alilisukuma. Usiandike kwamba alilimaliza yeye.

Kwenye kamati kazi ni ngumu zaidi, na huko ndiko wabunge wengi wa kawaida wanakofanya la maana. Mwaka 2014 David Kafulila, wakati huo Mbunge wa Kigoma Kusini kupitia NCCR-Mageuzi, alisimama ukumbini kuhusu fedha za akaunti ya Escrow ya Tegeta, zilizowekwa Benki Kuu wakati wa mgogoro wa malipo ya umeme kati ya TANESCO na kampuni ya IPTL. Vijiweni watu walikumbuka zaidi malumbano yake na Mwanasheria Mkuu. Lakini suala lilipelekwa kwa CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ripoti ikafika Kamati ya Hesabu za Serikali chini ya Zitto Kabwe, na Novemba mwaka huo kamati ikawasilisha taarifa yake bungeni. Desemba, Jaji Frederick Werema alijiuzulu uanasheria mkuu na Profesa Anna Tibaijuka akaondolewa uwaziri. Januari 2015 Profesa Sospeter Muhongo naye akajiuzulu uwaziri wa Nishati na Madini. Pima hayo kwa dakika alizozungumza Kafulila, uone jedwali lako lingesema nini.

Tabu ni kwamba taarifa ya kamati huzungumza kwa sauti moja. Mwenyekiti anasoma, mwishoni kuna orodha ya wajumbe, na huwezi kujua nani alimbana afisa masuhuli, yule anayewajibika kwa matumizi ya fedha za wizara au taasisi, kwa hoja za ukaguzi na nani alikuwa anachezea simu. Kwa muswada una njia. Tafuta muswada ulivyosomwa mara ya kwanza, jedwali la marekebisho, na sheria ilivyopitishwa, uzilaze pamoja mezani, kifungu kwa kifungu. Mbunge akileta marekebisho yake mwenyewe, jina lake lipo. Pasipo na jina, watafute wadau walioitwa kutoa maoni mbele ya kamati. Wengi wana ofisi hapahapa mjini, na wanaoijua kazi hii tangu enzi kamati zilipokuwa zikikutana Dar hawakosi la kukuambia. Ukimpata mmoja usimuulize “mheshimiwa fulani alisema nini?”, maana atakupa sifa au majungu. Muulize ni kifungu gani kilibadilika baada yao kutoka chumbani, na nani alikuwa akiwauliza maswali kuhusu kifungu hicho. Kisha rudi kwenye jedwali la marekebisho uone kama kimo.