Kisu cha babu: soma chuma kwanza

Ndugu, umesema kisu cha kukunja cha babu yako aliyekuwa Keya (askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) kina mpini mweusi wenye vijistari, bapa moja, kifungulio cha kopo na msumari mnene mgongoni, na unataka kujua ni cha mwaka gani. Kwa maelezo hayo, nashuku sana ni kisu cha jeshi la Uingereza cha wakati wa Vita Kuu ya Pili. Msumari huo ni wa kufungulia mafundo ya kamba.

Fungua bapa, uangalie pale linapoingia kwenye mpini, sehemu isiyonolewa. Tumia lenzi na tochi ya kumulika kwa ubavu. Tafuta alama kama unyayo wa kuku: ndiyo mshale wa mali ya serikali ya Uingereza. Mara nyingi karibu yake kuna jina la kiwanda na mwaka, mathalani 1943. Ukiukuta mwaka huo, kazi imekwisha. Usipouona, tazama pia ubavu wa mpini na kifungulio.

Neno SHEFFIELD ni mji tu, na ENGLAND halikusaidii sana, maana lilienea tangu sheria ya forodha ya Marekani ya 1890, iliyotaka bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka. Kisu kikiwa kimeandikwa STAINLESS (chuma kisichoshika kutu), hakiwezi kuwa cha kabla ya 1913.

Tafadhali, msasa weka mbali! Nimeona watu wakifuta mwaka wenyewe wakidhani wanasafisha kutu. Mafuta ya cherehani na kitambaa vinatosha.

Kumbuka mwaka huo ni wa kutengenezwa. Huenda babu alikabidhiwa baadaye.